Fisi Aliyemwonea Huruma Bi Nyamizi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wanangu. Ya leo haina kicheko.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakisemezana, paliondokea mjane mmoja, jina lake Bi Nyamizi. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mbuzi wanne na mbwa mmoja, Doa.

Doa huyo, jamani! Enzi za ujana wake, Fisi hakuthubutu hata kunusa ua wa Bi Nyamizi. Mwaka wa njaa, Doa ndiye aliyeingia porini na kurudi na kwale mdomoni, naye hamgusi mpaka Bi Nyamizi, aliyemwita mama, apike.

Lakini uzee hauna dawa. Macho ya Doa yakaingia ukungu. Miguu ya nyuma ikafa ganzi. Kifua kikambana, akawa anakohoa kutwa kucha. Hata haja ikawa inamtoka pale pale alipolala.

Bi Nyamizi akamwuguza. Akamnywesha uji wa mtama kwa kiganja. Akamgeuza ubavu huu, akamgeuza ubavu ule, asiote vidonda. Akafua matambara, akaanika, akafua tena. Shamba likaota magugu. Mgongo ukampinda.

"Mama," Doa akasema, "mimi sasa ni mzigo."

"Nyamaza, unywe uji."

Siku moja Fisi akaja, akasimama mlangoni kwa adabu.

"Hodi, shangazi. Umechoka?"

"Sijachoka."

"Pole, shangazi. Nakuonea huruma tu." Akaenda zake.

Siku ya pili akaja tena.

"Hodi, shangazi. Umechoka?"

"Sijachoka." Lakini sauti ilitoka chini chini.

"Nyuma ya kilima kile yuko mganga anayeamsha miguu iliyokufa. Na mimi mgongo ninao wa kumbeba mgonjwa." Akaenda zake.

Siku ya tatu, alfajiri, mvua ilikuwa haijakatika. Matambara hayakauki, kuni zimelowa. Doa akautapika uji wote mkekani. Bi Nyamizi akapiga ukelele: "Kwani wewe hufi?"

Doa akageuza uso ukutani.

"Hodi, shangazi. Umechoka?"

"Nimechoka, mwanangu. Nimechoka."

Akamfunga Doa kwa mbeleko juu ya mgongo wa Fisi, kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama," Doa akanong'ona, "harufu hii naijua."

"Nenda ukapone, baba."

Mtaniuliza, hakujua? Alijua, jamani. Nusu ya moyo wake ilijua. Nusu ya pili ilitaka kulala.

Akalala. Alipoamka, mvua ilikuwa imekatika, jua limesimama utosini, na nyumba kimya. Hapana kikohozi. Akaitazama sehemu ile tupu mkekani. Akatoka mbio kuelekea kilimani, miguu peku. Njiani akamkuta Kobe.

"Kobe, mganga anakaa wapi?"

"Mganga? Kilima kile hakina mganga, Bi Nyamizi. Kina pango la Fisi." Kobe akainamisha kichwa. "Asubuhi nilisikia mtu akiita 'Mama' mara tatu. Nilidhani ni mtoto anachezewa na wenzake."

Bi Nyamizi akafika pangoni. Akaikuta mbeleko, imechanika. Fisi alikuwa amejilaza kivulini, tumbo limemjaa.

"Umemla mwanangu!"

"Shangazi, sikukunyang'anya," Fisi akajibu, wala hakuinuka. "Nilibisha hodi mara tatu. Wewe ndiye uliyenipa."

Bi Nyamizi akaichukua mbeleko, akarudi. Jioni akajikuta amekoroga uji wa watu wawili. Akaketi mbele yake mpaka ukaganda. Kabla mwezi haujaandama, Fisi alikuwa amemaliza mbuzi wote wanne, naye Bi Nyamizi hakutoka hata kumfukuza. Watu wakaja kumpa pole.

Basi wanangu, jueni hili: uchovu si dhambi, kila auguzaye huchoka. Lakini ukichoka, mwite jirani yako kabla adui hajabisha hodi. Na yule aliyekulinda, usimkabidhi kwa mwenye njaa naye.

Nami nimefika ukingoni mwa ngano yangu. Mwenye machozi ayafute. Mwenye mgonjwa nyumbani na anyanyuke sasa hivi, aende akamwone.