Moto wa Bibi Mkawasi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliovimbiwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Sogeeni. Na wewe wa mlangoni ingia ndani, unatuletea baridi.

Hapo zamani za kale, viberiti havijajulikana, palikuwa na kijiji mlimani. Baridi ya huko ilikuwa ya kung'ata masikio. Moto ulikuwa uhai. Moto ukizimika kwako, ulichukua kigae cha chungu ukaenda kwa jirani kupalia moto. Unatandika jivu kwenye kigae. Juu ya jivu unaweka kaa. Kisha unarudi mbio, unapuliza: fuu! fuu! fuu!

Kijijini hapo aliishi mjane mmoja, Bibi Mkawasi. Moto wake haukuzimika tangu siku aliyoolewa. Kila jioni aliufunika kwa jivu. Kila asubuhi aliufukua. Alikuwa na msemo wake, wakati wa kufunika na wakati wa kufukua:

"Funika, usizime. Fukua, upulize."

Bibi Mkawasi alikuwa Mkristo tangu usichana wake, wakati waumini wa kijiji kizima walikuwa saba, na wote walienea kwenye mkeka mmoja. Sasa alikuwa akilea wajukuu wawili wa kike, Mghoi na mdogo wake Wakesho. Wazazi wao walikuwa mbali bondeni, wakikata mkonge.

Jambo moja lilimnyima bibi raha. Alijiuliza, "Nikifa, nani atamwita Mungu katika nyumba hii?"

Basi akachukua fimbo.

"Semeni!"

"Baba yetu uliye mbinguni..."

"Endeleeni!"

Wakikosea neno, chwa! Fimbo miguuni. Wakisinzia, chwa! Haikupita miezi mingi, watoto wakajua sala zote. Walizimwaga kama mtama unavyomwagika kwenye ungo, tiririri, bila kuvuta pumzi. Bibi akafurahi.

Sikukuu ya Pasaka mwinjilisti akaja kutoka ng'ambo ya mlima. Kanisa lilijaa. Bibi akawasukuma wajukuu wake mbele. Wakasali sala yote, haikudondoka hata silabi. Watu wakapiga makofi.

Mwinjilisti akachuchumaa mbele ya Mghoi. "Vizuri, binti yangu. Sasa niambie, huyo Baba ni nani?"

Mghoi akatazama miguu yake. Akatazama miguu ya mwinjilisti.

"Mimi simjui, mwalimu," akasema. "Bibi ndiye anayemjua."

Lo! Kanisa lilicheka. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Mwanjala, jirani wa bibi, mtu mwenye ulimi wa upupu.

"Mama Mkawasi!" akaita wakitoka nje. "Wahenga hawakukosea. Moto huzaa jivu!"

 Bibi alitembea hadi nyumbani, neno lile likimchoma kama mwiba uliovunjikia ndani.

Asubuhi yake aliketi mbele ya mafiga bila nguvu ya kufukua moto. Wakesho alimwonea huruma, akataka kumsaidia. Akafukua jivu, akaona kaa jekundu, akalichukua kwa vidole.

"Yoo! Yoo! Yoo!"

"We mtoto!" bibi akaruka. "Nani alikwambia moto unashikwa kwa mkono mtupu? Kigae kiko wapi? Jivu la kutandika liko wapi?"

  Maneno yaliyotoka yalikuwa yamemrudia mwenyewe.

Akauosha mkono wa mtoto kwa maji baridi. Halafu akaichukua ile fimbo, akaivunja gotini, kach! Akaitia motoni.

"Wajukuu wangu," akasema, "niliwatia moto mikononi, nikawachapa kwa kuutupa. Nimekosa. Nisameheni."

Mghoi hakuamini masikio yake. Mtu mzima kuomba msamaha kwa watoto? Lakini Wakesho, aliyezoea kutaniana na bibi, akauliza, "Mke mwenza, kweli unaichoma? Na ile nyingine uliyoficha darini?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kailete, mke mwenza. Kailete nayo tuipikie uji."

Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Jioni, kabla ya kufunika moto, kila mmoja alimtajia Mungu jina la mmoja wa kuombewa.

"Kwa maneno gani, bibi?" Mghoi aliuliza.

"Kwa maneno yako. Yangu mimi ninayo."

Wakesho akasema, "Mungu, mbuzi wetu anakohoa. Amina." Bibi aliuma mdomo asicheke. Wakaweka jivu.

"Funika, usizime."

Asubuhi walipuliza, fuu! fuu!, na kila mmoja akasema alichokiona. Mbuzi amekula. Mama ametuma salamu. Maharagwe yameota.

Siku moja mbuzi akafa. Wakesho akakunja uso. "Mungu hakusikia."

"Mwambie hivyo hivyo," bibi akamjibu. "Mimi nilimwambia hivyo babu yenu alipokufa."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Lakini hakuniacha. Kila nilipoamka, nilimkuta."

Ikaja pia siku ambayo ng'ombe wa Mzee Mwanjala waliingia shambani mwa bibi, wakala maharagwe yote. Jioni bibi akataja jina: "Mwanjala."

Mghoi akaruka. "Yule? Aliyetucheka kanisani? Mimi simwombei!"

"Basi leo namwombea mimi," bibi akasema. "Wewe funika moto tu."

Hakumlazimisha. Jioni ya pili akamtaja tena Mwanjala. Ya tatu, tena. Mghoi alifunika moto, midomo ameibana.

Mwaka ukapita, na mwingine. Ikaja masika ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona. Mvua chwaa! Mchana chwaa! Usiku chwaa! Siku tisa mfululizo. Na katika siku hizo bibi aliugua homa, akalala kitandani, hawezi kuinua hata kikombe.

Siku ya tano alisikia Wakesho akipiga kelele jikoni. "Dada! Mafiga yanaogelea!"

Bibi akajaribu kuinuka. Miguu ikakataa. Akalala akisikiliza. Moto wa miaka yote! Akasikia chungu kikiburutwa. Akasikia jivu kavu likimiminwa. Kisha sauti mbili pamoja:

"Funika, usizime."

Chungu kikaletwa kando ya kitanda chake. Bibi akakigusa. Kilikuwa na joto. Machozi yakamtoka, akageukia ukutani.

Siku ya tisa, asubuhi, mlango ukagongwa, watoto wakaufungua. Alikuwa Mzee Mwanjala, amelowa hadi mifupani, kigae mkononi.

"Hodi," akasema, sauti ndogo. "Kijiji kizima hakina moto. Nimezunguka nyumba zote. Mkaza mwanangu amejifungua jana. Mtoto amekuwa baridi, wanangu. Halii tena."

 Mvua tu, chwaa.

Bibi alitaka kupaza sauti, "Mpe!" Neno lilikuwa limefika mdomoni. Akalimeza. Alijua kwamba akilisema yeye, litakuwa tena neno lake. Akafumba macho akangoja. Hakuwahi kungoja kitu hivyo maishani mwake.

Mghoi akamtazama mzee. Akatazama chungu.

"Mikono yako inatetemeka, babu," akasema. "Utaliangusha kaa. Nipe kigae, nitalibeba mimi."

Akafukua. Fuu! fuu! Akachagua kaa kubwa kuliko yote, akalilaza juu ya jivu. Wakesho akalifunika kwa kifuniko cha chungu. Kabla ya kutoka, Mghoi akainamisha kichwa pale mlangoni.

"Baba," akasema, "ni mimi, Mghoi. Unanijua. Mtoto huyu hana jina bado, lakini wewe umeshamwona. Mpe joto. Na huyu babu yake, Mwanjala, mtulize moyo. Amina."

Hayakuwa maneno ya bibi. Hata moja. Bibi Mkawasi alicheka peke yake kitandani, akalia, akacheka tena.

Wakatoka mbio, matope pacha! pacha! pacha! Moto ukawaka kwa Mwanjala. Mtoto akawekwa karibu. Wakangoja. Wakangoja. Halafu: nyaa! Nyaa! Nyaa! Sauti ilipasua mvua, ikasikika hadi nyumba ya tatu.

Watu wakatoka na vigae. Kutoka kwa Mwanjala moto ukaenda kwa jirani, kutoka kwa jirani ukaenda kwa jirani yake, hadi kila paa la kijiji likafuka moshi. Wanawake wakapiga vigelegele mvuani bila kujali kulowa.

Mzee Mwanjala akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama Mkawasi, nilikutukana kwamba moto huzaa jivu. Sasa nimeliona jivu likizaa moto."

"Jivu ndilo linalotunza kaa, Mwanjala," bibi akasema. "Mimi mwenyewe nilichelewa kujua."

Bibi alipona. Jumapili iliyofuata aliingia kanisani ameshikwa mikono na wajukuu wawili, na nyuma yao mkaza mwana wa Mwanjala na mtoto mgongoni. Mikeka haikutosha.

Basi, wenzangu, nanyi wazee mnaosikia, imani hairithishwi kwa fimbo. Hupaliwa kama moto. Mzee hutoa kaa na jivu la kulilaza. Lakini kupuliza, mjukuu hupuliza kwa pumzi yake mwenyewe.

Hadithi yangu naifunika hapa kwa jivu. Atakayeitaka kesho, aje na kigae chake.