Njano ya Lugendo

Bisha kama unataka. Wenye vichwa vigumu kuliko chako walibisha, wakachoka. Mtu mmoja alikuwa na treni ya abiria mkononi mwake, na kwa miaka mingi hakuwahi kusimamishwa na taa nyekundu ya stesheni ya Igombelo. Jina lake Lugendo.

Hata sisi tulioikimbia shule mapema tunazijua rangi tatu za reli. Kijani, pita. Nyekundu, simama. Njano ndiyo inayowashinda watu: inakwambia punguza mwendo sasa hivi, kwa kuwa taa inayofuata huenda ikawa nyekundu, na treni haisimami kama baiskeli. Ndiyo maana ndani ya injini kuna desturi. Dereva akiiona taa huitaja kwa sauti, msaidizi huirudia, na mkono huenda kwenye breki kabla mdomo haujafungwa.

Lugendo aliishika nusu ya desturi hiyo. Kutaja, alitaja. Mkono haukwenda. Kabla ya Igombelo alikuta njano karibu kila safari, akaipita kwa mwendo uleule, akipiga honi ndefu kama bwana harusi, na kila alipokata kona, taa ya stesheni ilikuwa kijani. Msaidizi wake, Mgaya, aliyemwoa dada yake, alijikunyata kitini.

"Shemeji, njano hiyo!"

"Nimeiona. Njano ni kijani ambacho bado kinavaa viatu. Tulia bwana, dada yangu hakuolewa na mwoga."

Wakacheka wote wawili, mmoja kwa moyo, mwingine kwa meno.

Siku moja walikata kona, taa ikawa nyekundu. Lugendo akaisubiri ibadilike. Haikubadilika. Akafunga breki zote. Magurudumu yakalia, abiria wakaangukiana na mizigo yao, treni ikateleza na kuipita taa. Mbele, treni ya mizigo ilikuwa bado inajikokota kuingia njia ya pembeni, mkia wake ukiwa umelala juu ya reli ya Lugendo. Injini ilisimama karibu na mkia huo kiasi kwamba Mgaya angeweza kuugusa kwa fagio.

Lugendo alishuka, akamwendea stesheni masta, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, akafoka, "Mbona leo hukunifungulia?"

"Nilikupa njano kule nyuma, kaka. Ulitaka nikupe nini tena?"

Hapo ningeweza kuishia, nanyi mngeondoka mkisema Lugendo alikuwa mzembe mwenye bahati. Lakini kuna kipande nilikiruka makusudi, maana kinaharibu utamu. Bahati haikuwepo. Miaka yote ile, stesheni masta wa zamani, Kiyabo, akisikia honi ile kwa mbali aliacha chai yake, akakimbia kando ya reli akipunga bendera na kuwafokea wa treni ya mizigo, "Ingieni, ingieni, yule kichaa anakuja!" Kisha akarudi mbio, akihema, kumfungulia kijani. Lugendo hakuwahi hata kumpungia mkono. Mwezi ule Kiyabo alikuwa amestaafu.

Na wewe unayejisifu kwamba hujawahi kugonga: huko mbele usikokuona, nani anakukimbilia?