Mwamuzi Aliyeumwa Kisigino

Ndugu zangu, kabla hatujafungua neno la leo, nijibuni kitu kimoja. Mguu ukikuuma, utaupumzisha au utautwisha mzigo? Naona wengi mnasema kupumzisha. Hata mimi ningesema hivyo. Basi sikilizeni.

Alikuwepo mwamuzi mmoja wa mpira, wa hizi ligi zetu za kata. Tumwite Ambakisye, ili mwamuzi yeyote aliyeketi humu asije akaninunia. Alikuwa mtu wa mbio kweli; faulo ikitokea, yupo hapo hapo, humdanganyi. Lakini msimu mmoja akaanza kuumwa nyuma ya mguu wa kulia, kwenye ile kano nene inayotoka kisiginoni kwenda kwenye kigimbi. Akiamka asubuhi, anashuka kitandani huku kashika ukuta. Akapumzika, maumivu yakapoa. Akarudi uwanjani, nayo yakarudi. Na fainali ilikuwa inakaribia, na aliyeahidiwa kuichezesha ni yeye.

Akaenda hospitali, wakampeleka kwa dada mmoja wa fiziotherapia, wale wanaotibu kwa mazoezi ya viungo. Yule dada akaibonyezabonyeza ile kano, kisha akamsimamisha kwenye ngazi, visigino vikining'inia nje.

"Jiinue kwa vidole vya miguu yote miwili," akamwambia. "Sasa nyanyua huo mzima. Shuka na huu unaouma peke yake, polepole."

Ambakisye akashuka, uso umemkunjamana. "Dada daktari, mbona unauma?"

"Utauma kidogo, kaka. Kano hiyo imechoka, na kulala tu hakuiongezei nguvu. Inapata nguvu kwa kubeba uzito taratibu. Kesho ukiamka maumivu yamezidi, punguza. Lakini usiache."

Si jambo la kushangaza hilo? Pale panapouma ndipo anapoambiwa aegemee.

Basi asubuhi na jioni mkewe alikuwa akimwona kwenye ngazi ya mlangoni, anapanda, anashuka. Mvua ikinyesha, anahamia ndani, anasimama kwenye tofali. Hakukosa. Wiki zikapita, akarudi kliniki anachechemea vile vile.

Yule dada akashangaa. "Kaka, mazoezi unafanya kweli?"

"Sikosi hata siku. Muulize mke wangu."

Akachukua tepu, akapima vigimbi vyote viwili. Akarudia kupima. Cha kushoto kilikuwa kimejaa na kukaza kama cha mchezaji. Cha kulia kilikuwa kimenywea. Mnadhani ilikuwaje?

"Hebu nionyeshe unavyofanya," akasema.

Ambakisye akapanda kwenye ngazi, akajiinua vizuri, kisha akashuka polepole, kwa ustadi kabisa, na mguu wa kushoto. Ule mzima!

"Mbona huo?"

"Ule mwingine ulikuwa unauma, dada. Nikaona mwili ni mmoja, nguvu itafika tu."

Mnacheka. Yule dada hakucheka. Alimwambia, "Tunaanza upya leo." Fainali Ambakisye aliitazama akiwa benchi, filimbi anapuliza mwingine. Akaanza na mguu wa kulia, huku ameuma meno. Msimu uliofuata alikuwa uwanjani.

Sasa tuache kumcheka, maana yule ni sisi. Hakuwa mvivu. Kila siku alijitahidi, akatoka jasho la kweli, na ugonjwa ukabaki pale pale. Na sisi je? Jumapili tupo. Kwaya tupo. Mwenye sauti nzuri anazidi kuimba, mwenye mkono mwepesi anazidi kutoa, na Mungu awabariki. Lakini ndugu yako mliyegombana naye kwenye msiba wa mama, mmesalimiana lini? Binti yako uliyemfukuza, unajua leo amekula nini? Hapo tunapita pembeni, kwa sababu panauma, halafu tunarudi kuimba kwa nguvu zaidi, tukidhani moyo utapona wenyewe.

Leo wimbo utangoja. Kama mtu huyo yuko mbali, ukitoka hapa mpigie, msalimie. Salamu tu inatosha kwa kuanzia. Na kama ameketi humu humu, hata kwenye lile benchi la nyuma, usingoje ibada iishe. Inuka umwendee. Sisi tutakusubiri.