Kiti cha Mheshimiwa

Diwani Ruhuza alimtaka Nyanzobe, mjane wa seremala, ahame kiwanja chake ili yeye ajenge baa.

"Nikikunyanyua kwa mkono mmoja, utaniachia?" mjane akauliza.

Diwani akacheka. "Kilo mia na ishirini hizi? Nakuachia, na majirani hawa wote waliosimama hapa ni mashahidi."

Nyanzobe akalaza ubao mrefu juu ya jiwe. "Mheshimiwa, ncha ile ya mbali ni ya watu wadogo kama mimi. Wakubwa hukaa ncha hii nyingine, karibu na jiwe."

Diwani akakaa kwa madaha. Nyanzobe akakandamiza ncha yake kwa mkono mmoja, diwani akaenda juu, miguu ikining'inia.

"Kutoka kwenye jiwe ni hatua moja kwako, sita kwangu," akamwambia. "Gawanya kwa sita, unabaki kilo ishirini. Debe langu la maji lina hizo hizo, tena lenyewe halipigi kelele."