Jiwe Lililorudi Hekaluni

Mama mmoja kijana alikuwa na jiwe. Yeye aliitwa Moeata, na jiwe alilirithi kwa mama yake, aliyelirithi kwa mama yake, hadi huko nyuma ambako majina yamesahaulika. Kwao, katika visiwa vya Polinesia, watu wa kale walisali kwenye hekalu la mawe lisilo na paa, liitwalo marae. Aliyehamia kisiwa kingine aling'oa jiwe moja katika hekalu la kwao akaenda nalo, ili likirudi siku yoyote, kila mtu ajue kwamba anayerudi nalo si mgeni.

Moeata akasikia kwamba hekalu la wazee wake, lililokuwa limegeuka kichaka cha mbuzi, limefyekwa na kujengwa upya. Akamfunga mwanawe mgongoni, akalipakata jiwe, akapanda meli. Desturi ilitaka jiwe la safari lisiwekwe chini mpaka lipokelewe, na hilo lilikuwa zito. Lakini kila mikono yake ilipokufa ganzi, alitokea mtu. Baharia alimshikia ili ale. Bandarini, mwuza samaki asiyemjua hata jina alinyoosha mikono akasema, "Lete hilo, mama, wewe mnyonyeshe mtoto." Akakaa nalo mapajani mpaka mtoto aliposhiba, nzi wakijichukulia samaki wake.

Alipoliona hekalu, kifua kilimjaa. Halikuwa kubwa, mtoto angelizunguka kwa mbio bila kuhema. Lakini mawe meusi yalikaa juu ya mawe, pasipo saruji wala udongo, yameshikana kama meno kinywani. Wanakijiji walikuwa wakifagia ua, maana kesho yake wageni wa visiwa vya jirani wangekuja kulitazama. Fundi Puarai, aliyeongoza ujenzi, alikuwa akipita kando ya ukuta na kuupapasa, kana kwamba haamini kuwa umekwisha.

Moeata akaeleza ni wa ukoo gani. Watu wakapiga vigelegele, wanawake wakamgombania mtoto. Kisha wakageuka kuutazama ukuta, na kelele zikapungua. Hapakuwa na nafasi. Kila jiwe lilikuwa limeshapata mahali pake.

Wakajaribu kuliweka juu kabisa. Likayumba kwa mviringo wake, likabingirika. Puarai akalidaka karibu na ardhi.

"Dada, umetuletea jiwe au nazi?"

Watu wakaangua kicheko. Moeata naye akacheka, ila macho yalimuuma. Alilolifuata kwa kuvuka bahari yote ile lilikuwa moja: mwanawe asikue akiitwa mgeni kule, na huku pia aitwe mgeni.

Mzee mmoja akatoa shauri kwamba jiwe lichongwe ubavuni, lifanane na mengine, lichomekwe pale penye upenyo mwembamba. Watu wakaona ni sawa. Moeata atakataaje, naye ndiyo kwanza amefika? Puarai akaketi, akaliweka magotini, akashika patasi na nyundo. Kabla hajapiga, kidole chake kikaingia kwenye kibonde laini katikati ya jiwe.

"Hapa alipachimba nani?"

"Hakuna aliyepachimba," akasema Moeata. "Ndipo tunapowakalisha watoto tukiwaogesha. Mama yangu aliogeshewa hapo. Na mimi. Na huyu."

Fundi alikipapasa kile kibonde kwa muda mrefu. Sisi tuliobaki, huenda alikuwa akiwaza, tulifungia mbuzi humu. Hao waliokwenda zao walikuwa wakilichonga jiwe letu kwa maji na viganja. Akaitia patasi mfukoni.

"Jiwe hili limekwisha kuchongwa," akasema. "Kilichobaki kuchongwa ni ukuta."

"Fundi, wageni wanakuja kesho!" mzee akamaka.

Puarai akaenda kwenye kona aliyoijenga mwenyewe, ile iliyonyooka kuliko zote, akatoa jiwe la kwanza. Moeata aliona mkono wake ulivyochelewa kuliachia. Nyuma yake watu wakajipanga mstari, na mawe yakaanza kupita mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja akaifungua nguo aliyojifunga juu ya gauni, akaikunja, akaitandika juu ya mkeka, jiwe la safari likapumzikia hapo, lisiguse ardhi. Mwingine akamfungua mtoto mgongoni kwa Moeata akaondoka naye bila kuomba ruhusa, kama shangazi afanyavyo.

Kesho yake wageni walipofika waliikuta kona wazi na watu wametapakaa vumbi. Mkubwa wao akauliza kwa upole kama ukuta umeanguka. "Haukuanguka," akasema Puarai, kichwa juu. "Tumeufungua. Wa kwetu amerudi." Wageni wakatazamana, wakakunja mikono ya mashati, wakaingia mstarini.

Jioni jiwe la mviringo lilikaa ndani ya ukuta, na majirani zake wote wamesogezwa, hili likalala kidogo, lile likainuliwa, hata jiwe la safari likashikwa pande zote. Puarai akalisukuma kwa bega. Halikutikisika. Kona haikuwa imenyooka tena kama zamani, na watu waliitazama kwa fahari zaidi kuliko walivyoitazama jana.

Moeata alisimama pembeni na mikono mitupu, asijue aifanyie nini baada ya safari yote ile. Mara bibi mmoja mwenye sauti kali akamtupia jicho, akamsukumia jiwe moja katika yale yaliyosalia.

"Mwangalie huyu, kazi haijaisha, naye kasimama! Shika, mwanangu, peleka kule."

Moeata akalipokea, akaingia mstarini, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Basi wewe unayejivunia nyumba iliyokamilika: akirudi wa kwenu kesho, na maisha ya mbali yamemchonga asiweze kuingia pale mlipomwachia nafasi, utashika patasi, au utafungua ukuta?