Sinia la Badi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, kabla dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hazijafika Mombasa, palikuwa na fundi cherehani jina lake Badi. Kila Ijumaa alasiri wanaume waliopenda wanaume walikusanyika nyumbani kwake. Nje kila mmoja alikuwa na uongo wake. Mlangoni waliuvua pamoja na viatu, wakala pilau katika sinia moja, wakataniana mpaka magharibi.

Ukaja Ukimwi. Akafa wa kwanza, wakala. Akafa wa pili, wakala kimya. Akafa wa tatu, na Ijumaa iliyofuata Omolo, fundi wa magari, akaja na sahani yake. Ijumaa ya pili kila mtu alikuja na sahani yake. Ijumaa ya tatu hakuja mtu. Sinia likatundikwa ukutani.

Badi naye akaugua. Kabla hajafa alimwambia mama yake, Bi Mize: "Sinia langu apewe aliyeturudisha pamoja."

Baada ya arobaini Bi Mize aliwaita wale rafiki wa Badi, sinia likiwa limefungwa kwa leso. "Ni nani kati yenu?"

Kitsao, karani wa shule, akatangulia. "Ni mimi, mama. Nilipima wa kwanza, nikawaambia wenzangu majibu yangu. Mwenye nyumba aliposikia akanifukuza. Hata hivyo niliwapeleka kliniki mmoja mmoja, nikawafundisha kujikinga. Hofu iliwatawanya, mimi nikawarudisha kwa kujua."

"Ulitufundisha kuvaa mipira tukiwa tunakula," Omolo akasema. "Wali ulinikwama."

"Wewe uliyekuja na sahani kama mgonjwa wa wodini, nyamaza."

"Sinyamazi, bwana. Mama, sahani niliileta mimi, sikatai. Kitsao aliwarudisha, lakini walirudi na sahani zao. Badi alikuwa na vidonda mdomoni, akila peke yake pembeni. Mimi ndiye niliyelitungua sinia, nikanawa, nikakaa, nikala naye. Ijumaa iliyofuata tulikuwa saba kwenye sinia."

Kitsao akainamisha macho. Hakuwa miongoni mwa wale saba.

Bi Mize akamgeukia Zuberi, aliyesimama mlangoni. "Na wewe, mpangaji?"

Kwa miaka kumi na mmoja Zuberi alikuwa mpangaji. Badi alimwapisha ajiite hivyo, mama asijue. Kama mpangaji alimwogesha Badi kila asubuhi na kumgeuza kila saa. Kama mpangaji alisimama safu ya mwisho makaburini. Akinyamaza sasa, kiapo kimetimia, na hana la kudai. Aliitazama leso. Akavuka kizingiti.

"Walipoacha kuja, mama, nilipika kila Ijumaa, mlango ukawa wazi, chakula kikapoa. Wangerudi wapi kama ningefunga? Na sikuwa mpangaji. Nilikuwa mwenzi wake. Aliniapisha nisikwambie. Leo nimevunja kiapo, na neno langu sirudishi."

Bi Mize akafungua fundo la leso. Sinia likaonekana, katikati limefifia kwa miaka ya vidole. Hakumpa mtu. Viganja vyake vilibaki juu ya ukingo.

Sasa msinitazame mimi, nyinyi mliokaa mkisikiliza. Kitsao alisema majibu yake, kisha akakaa kando. Omolo alikimbia, kisha akarudi. Zuberi hakuondoka, lakini alivunja kiapo cha marehemu ili ajulikane. Mama bado ameshika sinia.

Je, nani alistahili kupewa?