Shimo la Ta Ishengoma

Unayemwamkia njiani usimfichie shimo.

Methali hii mmeisikia leo mama akimgombeza fundi wa choo aliyeacha shimo uani bila alama, mkaniuliza imetoka wapi. Jirani yetu Ta Kaizilege atawaambia ilitokana na mwanamke mzembe aliyetembea akitazama mawingu, akatumbukia kwenye shimo la watu, kisha akataka kulimiwa bure. Msimsikilize. Yeye hakuwepo. Bibi alikuwepo, na ndiye aliyesaidia kumtoa yule mama shimoni. Alinisimulia kwamba ilianza hivi.

Ta Ishengoma alikuwa na shamba la migomba kati ya nyumba na chemchemi. Kwetu shamba la migomba halifungiwi mtu. Kijia kinapita katikati, watu wanapita, wanaamkiana, wanaendelea. Asubuhi moja alitaka kuvundika ndizi za pombe shimoni ziive. Penye migomba mizizi ilikuwa mingi, akaona uvivu. Akachimba pasipo na mizizi, yaani kijiani. Shimo la kufika kiunoni! Kisha, kabla ya kwenda kukata ndizi, akalifunika kwa majani makavu na udongo kidogo, wezi wasijue zitakapolala.

Mchana Ma Kokuberwa, mjane aliyeishi kwa jembe lake, alirudi kutoka kufua, ndoo ya maji kichwani. Akatumbukia, mguu ukavunjika mahali pawili. Na mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia.

Watu wakakusanyika. Ishengoma hata aibu hakuona.

"Shamba la nani? Langu. Jembe la nani? Langu. Basi na shimo langu. Nani alimwalika?"

"Na mguu je, Ta, nao wako?" mtu mmoja akamtania. Watu wakacheka. Yeye akanuna.

Ndipo Ma Nyamwiza, mkunga wa pale kijijini, akasimama.

"Ta Ishengoma, asubuhi ile ulimwona akishuka chemchemi?"

"Nilimwona. Aliniamkia."

"Ukaitika?"

"Niliitika. Kwani mimi mnyama?"

"Chemchemi ina njia nyingine ya kurudia?"

"Haina."

"Kwa hiyo ulijua atarudi papo hapo."

"Ma, nilikuwa na haraka ya ndizi."

"Sikuulizi ndizi! Kusimika kijiti kimoja pale kungekuchukua muda gani? Ungemfichia mwizi ghalani kwako, tungenyamaza. Huyu unamjua, unajua saa zake, unajua anapokanyaga. Unayemwamkia njiani usimfichie shimo."

Wazee wakaamua Ishengoma amlimie Ma Kokuberwa mpaka atakapoweza kusimama. Akalima, lakini kwa kununa, kama vile yeye ndiye aliyeonewa. Mpaka leo wapo wanaomhurumia yeye na jembe lake, mguu wameusahau.

Kwa hiyo fundi akisema choo kiko uani kwetu, si barabarani, mjue anasema maneno ya Ishengoma. Uani kwetu watoto wa jirani wanacheza kila siku, na anawaona. Unayemwamkia njiani usimfichie shimo.

Siku Ishengoma alipomaliza tuta la mwisho, Ma Kokuberwa alitoka mlangoni akijikongoja kwa fimbo.

"Ta Ishengoma, kulima umelima, nashukuru. Sasa nakuomba kitu kimoja tu. Niambie pole."

Ishengoma akaweka jembe begani, akakung'uta udongo miguuni, akashika njia.